Anayepiga na Anayefundisha: Kumtafuta Mwalimu wa Kinanda Masasi na Newala

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine: ndiyo, ni piano, na ndiyo, ni Newala. Najua utasema kule juu maji yenyewe watu wanayasubiri, piano ya nini? Lakini swali lipo. Wanaouliza ni wauguzi, walimu, makarani wa AMCOS, mafundi, na wakituona sisi tunaosomea ualimu tumefika kwa TP wanadhani jibu tunalo. Wengi wetu hatuna, maana chuoni tunaandaliwa kufundisha darasa la watoto 60, si mtoto mmoja na kinanda kimoja. Makala hii inajaribu kumjibu mtu wa Masasi, si wa Masaki.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa ufupi. Piano halisi, ile ya mbao yenye nyuzi ndani na vibonyezo 88, tuiache kando. Mchwa na unyevu haviipendi, na nyuzi zikilegea lazima aje fundi wake maalumu. Tunachokiita kinanda mtaani ni kile cha umeme, mara nyingi chenye vibonyezo 61, yaani oktava 5. Kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo kinatosha, ilimradi kiwe na sifa moja ambayo muuzaji hatakutajia usipomuuliza: ukibonyeza kwa nguvu kitoe sauti kubwa, ukibonyeza taratibu kitoe ndogo. Vile vidogo ambavyo sauti ni ileile hata ukigonga kwa nyundo ni vya kuchezea. Mtoto atazoea kugonga, na tabia ya mkono ikishakaa kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kufundisha upya.

Sasa walimu wako wapi? Wako kwenye kwaya. Hili lina historia yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwaweka Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, na hapo misheni ikaanza. Wabenediktini walifika upande wa Lukuledi na Nyangao, na baada ya vita vya Majimaji kuzivunja misheni hizo, wakaanzisha ya Ndanda mwaka 1906. Waanglikana na Wakatoliki hawakukubaliana mambo mengi, lakini wote walileta ibada ya kuimba, na ibada ya kuimba inahitaji mtu anayejua sauti nne. Ndiyo maana hadi leo ukiuliza Masasi nani anajua muziki wa nota, utaelekezwa kwa mwalimu wa kwaya, Ndanda vilevile, Newala vilevile.

Nota wanazozijua wengi wao ni solfa: do, re, mi, zilizoandikwa kwa herufi na nukta. Kuna watu wa mjini wanaozidharau, wanasema muziki wa kweli ni ule wa mistari mitano. Mimi sikubaliani nao. Solfa ilienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 ili watu wa kawaida, wasio na chombo nyumbani, waweze kusoma na kuimba. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Afrika Kusini, alitumia nota za aina hiyo alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ndio wa wimbo wetu wa taifa. Na Zoltán Kodály, yule Mhungari ambaye mbinu zake zinasomwa na walimu wa muziki duniani kote, alijenga ufundishaji wake juu ya kuimba kwa solfa kwanza, chombo baadaye; hata ishara za mkono alizotumia zina asili kwa Curwen. Kwa hiyo mzee wa kwaya wa Newala anayemwambia mtoto "imba kwanza, utapiga baadaye" hayuko nyuma ya wakati. Nota za mistari mtoto atazijua, lakini azikute sikio lake limeshafunguka.

Basi tatizo la miji yetu si kukosa watu wanaojua kupiga. Kila kanisa lenye kinanda lina kijana wake. Tatizo ni kwamba anayepiga na anayefundisha ni watu wawili tofauti, na ukiwa na bahati wanakutana ndani ya mtu mmoja.

Nilipokuwa TP Masasi nilipanga jirani na mama mmoja muuguzi mwenye binti wa miaka 9. Aliponiona na madaftari yangu akaniambia, "Mwalimu, wewe si uko chuo? Nisaidie, huyu mtoto anataka kinanda na mimi sijui nianzie wapi." Alikuwa tayari ameshampata kijana mmoja, mpigaji hodari kweli, mikono inaruka. Nikaomba ruhusa nikae pembeni nione kipindi kimoja. Kijana alipiga. Mtoto akatazama. Kijana akapiga tena, kwa mbwembwe zaidi, akasema, "Umeona? Sasa wewe." Mtoto hakuwa ameona kitu. Mwisho akaonyeshwa kitufe cha kuwasha mapigo yanayojipiga yenyewe, akawekewa vidole vitatu juu ya kodi moja (za muziki, si za TRA), na nyumba nzima ikafurahi kwa sababu kelele zilifanana na za Jumapili. Baada ya wiki sita hivi bado alikuwa kwenye kodi zilezile tatu, mkono wa kushoto uko mapajani.

Kijana yule hakuwa mvivu wala tapeli. Alifundisha kama alivyojifunza, kwa kutazama. Yeye alitazama miaka mingi huku akijaribu peke yake kanisani mchana, na hiyo sehemu ya kujaribu, ambayo ndiyo iliyomfundisha, haikumo kwenye kipindi.

Baadaye mama alimpata mzee mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mwalimu wa kwaya. Kwa kupiga, mzee ni wa kawaida tu. Siku ya kwanza kinanda hakikuwashwa hadi dakika za mwisho. Aliimba do re mi fa so, mtoto akaitikia. Akapiga makofi manne manne, mtoto akafuata, kisha mzee akaendelea na makofi mtoto akaimba juu yake. Halafu akamwambia, "Haya mjukuu wangu, sasa hiyo do yako imejificha hapa, itafute." Mtoto akaitafuta mwenyewe. Tunaosoma saikolojia ya elimu tumekariri Vygotsky na lile eneo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa. Mimi niliielewa mada ile pale sebuleni kuliko kwenye mhadhara, na mzee hajawahi kulisikia jina hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usimtafute mwalimu siku ya Jumapili. Jumapili utaona upigaji. Nenda siku za mazoezi ya kwaya, jioni, ukae benchi la nyuma. Subiri sauti ya pili ikosee. Itakosea, usiwe na wasiwasi. Hapo ndipo mtizame kiongozi. Mwingine atarudia wimbo mzima kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na kuwagombeza. Mwingine atasimamisha, atachukua pale palipoharibika tu, nota nne au tano, ataimba polepole, atawaimbisha wao peke yao, kisha ataunganisha na wenzao. Huyo wa pili mfuate nje mazoezi yakiisha, msalimie vizuri, mweleze shida yako. Hata kama kinanda anakipiga wastani, kwa mtoto anayeanza anatosha.

Njia nyingine zipo. Afisa utamaduni wa halmashauri anavifahamu vikundi vya sanaa vya wilaya yake. Shule za sekondari wakati mwingine zina mwalimu aliyesoma muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumira au Bagamoyo, lakini yuko pale anafundisha Kiswahili au Historia kwa sababu Muziki, ingawa NECTA wanautahini, shule nyingi hawaufundishi. Vijana wa studio ni wengi pia. Nawaheshimu, ila wengi wao wanatunga kwa kompyuta, na ufundi ule ni mwingine. Cheti cha gredi za ABRSM ya London usikiulizie. Kama mtu anacho atakwambia mwenyewe, na kutokuwa nacho hakumpunguzii kitu.

Ukishampata, mpime. Usione aibu, hata fundi cherehani unamwangalia mshono. Kipimo cha kwanza ni kitufe cha transpozi. Wapigaji wetu wengi wamejifunza kupiga kila wimbo katika C, vibonyezo vyeupe vitupu, kisha kwaya ikipanda au ikishuka wanabonyeza transpozi na kinanda kinawahamishia. Ibada inakwenda, hakuna anayejua. Lakini mtoto akifundishwa hivyo atakuwa mfungwa wa kitufe. Mwombe mwalimu apige wimbo mmoja rahisi do ikiwa C, kisha G, kisha F, bila kukigusa kitufe hicho. Kwenye G, ti inaangukia kibonyezo cheusi. Kwenye F, fa ndiyo inaangukia cheusi. Akivuka hapo bila kutoka jasho, ana msingi.

Kipimo cha pili ni vidole. Katika kinanda vidole vina namba, gumba ni 1 na kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Ngazi ya C kwa mkono wa kulia inakwenda 1, 2, 3, halafu gumba linapita chini ya kidole cha 3, kisha 1, 2, 3, 4, 5. Hilo gumba kupita chini ndilo linalomtofautisha aliyefundishwa na aliyejiokotea. Mtazame pia anavyomkalisha mtoto: kigonjo kwenye meza ndefu na mtoto akiinua mabega kama anajificha mvua, hapana. Kiwiko na kibonyezo viwe karibu kimo kimoja, vidole vimejikunja kidogo. Mwalimu asiyejali kikao cha mwili, hata akiwa na nyimbo mia, mwache.

Kipimo cha tatu hakihusu muziki. Kwenye jando na unyago hakuna mzazi anayemkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyejulikana ukoo wala tabia. Kungwi anajulikana, somo anajulikana. Sijui kwa nini ikifika kwenye masomo ya ziada tunalegea, mtoto anatumwa peke yake nyumbani kwa mtu jioni, eti ni mwalimu wa kwaya. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini sheria inakuja baada ya jambo kutokea. Kipindi kiwe kwa mzazi au mahali pa wazi, mlango haufungwi, na mtu mzima wa familia yupo. Mwalimu mwema hatachukia. Nimeona wengine ndio wanaoomba hivyo wenyewe, kwa kuwa kunawalinda na wao. Tena kuna faida ya kimasomo. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyefundisha watoto fidla, alitaka mzazi akae kwenye kipindi, kwa sababu siku sita zilizobaki za wiki mwalimu ni mzazi.

Sasa niseme jambo ambalo watu wanalizunguka. Newala na vijiji vyake vina Waislamu wengi, Masasi pia wapo, na nimeshaeleza kwamba walimu wengi wako makanisani. Baba mmoja aliniambia wazi, "Mtoto wangu ajifunze kinanda, ila asirudi ananiimbia ya kanisani." Ana haki yake. Wapo masheikh wanaokataza ala za muziki na wapo wanaoruhusu kwa masharti, hilo familia itaamua na watu wake. Lakini kama wameshaamua mtoto asome, mwalimu wa kwaya bado anafaa, mkikubaliana mapema: kipindi kifanyike nyumbani, nyimbo ziwe za watoto, za shule, za ngoma za kwetu, za taarab. Zanzibar kinanda kiko katikati ya taarab, na chuo cha Dhow Countries Music Academy kinafundisha muziki huo kama somo. Ngazi ya C haina dini. Mwalimu akishindwa kufundisha bila kitabu cha tenzi, tatizo ni kwamba hana nyimbo za kutosha, na hilo umweleze hivyo tu, kwa heshima.

Watu wazima nao wanajifunza, tusiwasahau. Mtu wa miaka 40 anaelewa maelezo haraka kuliko mtoto, ila vidole vinamgomea na aibu inamsumbua. Mtu mzima asifundishwe mbele ya watoto wake wiki za mwanzo. Apewe wimbo anaoupenda mapema, hata kwa mkono mmoja, maana ana wimbo mmoja uliomleta, hata kama hausemi. Kipindi chake kinaweza kufika saa nzima. Cha mtoto wa miaka 7 nusu saa imetosha, zaidi ya hapo unalipia miayo.

Mazoezi ndiyo yanayoua au kuponya. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885 kwamba kukumbuka kunapenda kugawanywa. Umeme ukikatika, vinanda vingi vinakubali betri. Na kwa familia ambayo bado haina kinanda, mzee yule mstaafu ana ujanja wake: anachora vibonyezo kwenye boksi la kadibodi, kwa ukubwa halisi. Oktava moja, yaani vibonyezo vyeupe 7, ina upana wa sentimita 16 na nusu hivi, chora mbili. Mtoto anaweka vidole, anaimba solfa kwa mdomo, gumba linapita chini. Sauti inatoka kooni badala ya kwenye waya. Siku ya kipindi anakutana na kinanda cha mwalimu na vidole vinajua njia.

Hapa kuna kisa cha Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Johannesburg, na huko, miaka ya 1950, alimpatia mvulana mmoja wa shule tarumbeta. Mvulana huyo ni Hugh Masekela, ambaye dunia nzima ilikuja kumfahamu. Watu wakisimulia wanaishia kwenye tarumbeta. Wanasahau kwamba Huddleston alimtafutia pia mtu wa kumfundisha, kiongozi wa bendi ya manispaa. Wazazi wengi wa kwetu msimu wa korosho ukiwa mzuri wananunua kinanda, kinakaa juu ya kabati kimefunikwa kitambaa, wakisubiri mtoto "aonyeshe kipaji". Nunua vyote viwili pamoja, chombo na vipindi, au anza na vipindi.

Na vipindi vinalipwa. Hapa ndipo ninapotaka tugombane kidogo. Kwa kuwa mwalimu wa kwaya anaitumikia kwaya bure, watu wanadhani na kumfundisha mtoto wako ni sadaka. Anaitwa, anakuja kwa miguu, anapewa chai na "Mungu atakulipa". Baada ya mwaka anahamia Mtwara au Dar, na kwaya inabaki inapiga makofi. Tunalalamika hatuna walimu, kumbe tumewafukuza kwa shukrani. Mkubaliane bei siku ya kwanza, kwa kipindi, pamoja na nauli ya bodaboda kama anatoka mbali, na mkubaliane pia mtoto akiugua inakuwaje na mwalimu asipotokea inakuwaje. Familia nyingi hela yao inaingia mara moja kwa mwaka, minada ya korosho ikianza Oktoba na kuendelea. Sawa. Malipo yakiingia, lipia vipindi 12 kwa mkupuo, hata 20. Kisichowezekana ni kumgeuza mwalimu stakabadhi ghalani, apokee mzigo leo alipwe baada ya mnada.

Upange pia mapumziko mapema. Msimu wa kuokota korosho watoto wana kazi, na likizo za jando na unyago mtoto anaweza kupotea wiki kadhaa. Mwalimu akijua, atampa kitu kidogo cha kuondoka nacho, wimbo wa kuimba kwa solfa tu.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila kipindi mwalimu aandike mistari miwili mitatu: tumefanya nini, vidole gani, ngazi gani, nini kirudiwe nyumbani. Kwetu walimu wanahama, na wazee wanachoka. Bila daftari kila mwalimu mpya anaanza do re mi upya na mtoto anachoka wa tatu akifika. Linunuliwe lile gumu la kurasa 96, likae kwa mzazi, si kwa mwalimu, na siku mwalimu mwingine akiingia mlangoni lifunguliwe kabla kinanda hakijawashwa.